Baridi ya Masaba Haina Cheo

Mvua za kwanza za mwezi Machi zinaponyesha Busia na Tororo, vumbi la kiangazi hutulia, majembe hutolewa stoo, na hewa husafika. Mtu aliyesimama juu ya Jiwe la Tororo asubuhi na mapema huweza kuuona Mlima Masaba, ambao katika ramani huitwa Elgon, umelala upande wa kaskazini kama ng'ombe mkubwa aliyejipumzisha. Ni mlima wa nchi mbili, kama vile Busia ilivyo mji wa nchi mbili. Upande mmoja ni Uganda na upande wa pili ni Kenya. Wateso na Wasamia wanao ndugu ng'ambo zote mbili, na mawingu yajikusanyayo huko juu hayaulizwi pasi wala kibali.

Askari aliye likizoni, kijana aliyemaliza mafunzo, hata baba mwenye watoto wakubwa, aghalabu hupatwa na hamu ya kuupanda mlima huo ulio mbele ya macho yao mwaka mzima. Hamu hiyo ni njema. Kupanda mlima huimarisha mapafu na miguu, hufundisha subira, na humwonyesha mtu nchi yake kutoka mahali ambapo hajapata kusimama. Lakini iko haja ya kuelewana juu ya jambo moja. Anayepanda Masaba masika yanapoingia hashindani na urefu wa mlima. Hushindana na baridi ya majimaji na uchache wa saa za mchana. Na mapambano hayo huamuliwa nyumbani, kabla mguu haujavuka kizingiti.

THELUJI IKO WAPI?

Katika Afrika Mashariki milima yenye barafu ya kudumu ni mitatu tu: Kilimanjaro wenye urefu wa mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori ambao kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Barafu hiyo nayo inapungua mwaka hata mwaka. Mnamo mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni mwanajeshi, Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Leo anayefuata nyayo za mashujaa hao hukuta barafu ndogo kuliko ile waliyoiona wao. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba, mambo yakiendelea hivi, barafu ya milima hiyo yote mitatu huenda ikatoweka kabisa katika miaka ya 2040.

Masaba hauna barafu ya kudumu. Zamani sana ulikuwa nayo, na mabonde yaliyochongwa na barafu hiyo yangali yakionekana karibu na vilele. Siku hizi huanguka mvua ya mawe, umande huganda usiku ukawa mweupe juu ya majani, na mara chache theluji huanguka kileleni ikayeyuka jua lipandapo. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba mlima usio na theluji hauna baridi ya kuogopwa. Hilo ni kosa, na hesabu ndogo yatosha kulionyesha.

Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi sita hadi saba. Mji wa Tororo uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya Masaba, kina mita 4,321. Tofauti ni zaidi ya mita 3,000, yaani upungufu wa nyuzi zipatazo 20. Usiku ambao jamaa wa Tororo wanajifunika shuka moja, kipimo kikiwa nyuzi 17, huko juu maji yanaganda ndani ya kopo. Na kama kuna upepo na nguo zimelowa, mwili huhisi baridi zaidi ya ile inayoonyeshwa na kipimo.

Tena theluji kavu ina nafuu yake, kwa maana mtu huweza kuikung'uta ikaanguka. Mvua yenye nyuzi mbili au tatu haikung'utiki. Hupenya koti, hupenya sweta, hukaa kwenye ngozi. Maji huondoa joto mwilini upesi mara nyingi kuliko hewa. Hivyo mtu aliyelowa juu ya Masaba, mahali pasipo na theluji hata chembe, aweza kufa kwa baridi kama aliyefunikwa na theluji huko Ulaya.

NJIA YENYEWE

Upande wa Uganda njia ijulikanayo zaidi ni ile ya Sasa, ianziayo Budadiri, mwendo usio mrefu kutoka Mbale. Siku ya kwanza hupita katika mashamba ya kahawa na migomba, kisha hupanda magenge ya Mudangi kwa ngazi, ikaingia msituni. Kambi ya kwanza iko kwenye mto Sasa, mita 2,900. Siku hiyo moja mtu hupanda zaidi ya mita 1,600, na asiyezoea huijua vizuri miguu yake ifikapo jioni.

Baada ya hapo huja ukanda wa mianzi. Wamama wa Bugisu wanaufahamu ukanda huo kwa sababu ndiko kutokako malewa, machipukizi ya mianzi ambayo hukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na ambayo siku hizi huchumwa kwa makubaliano na wasimamizi wa hifadhi. Juu ya mianzi miti hupungua, nyasi hutanda, na mimea ya ajabu hujitokeza. Mmojawapo ni ule mti mnene uitwao senesio, mrefu kuliko mtu. Majani yake makavu hayaanguki. Huning'inia yakauvika shina mithili ya kabuti la jeshi. Usiku majani mabichi ya juu hujikunja yakakifunika kichipukizi cha katikati, na asubuhi hufunguka tena. Mti huo umeishi huko kwa kufuata kanuni mbili: kuvaa nguo nyingi, na kufunga mlango mapema.

Kambi ya pili ni kwenye Pango la Mude, mita 3,500. Kutoka hapo hadi Wagagai ni mita 821 za kupanda, na safari ya kwenda na kurudi hula sehemu kubwa ya siku. Juu hapo ndipo msafiri anapoliona lile shimo kubwa la volkeno, lenye upana wa yapata kilomita nane, ambamo mna chemchemi za maji moto na ambamo mto Suam huanzia, ukielekea Turkana. Safari nzima kwa kawaida ni siku nne. Upande wa Kenya, watu wa Busia hupitia Kitale hadi lango la Chorlim, wakapanda kilele cha Koitoboss, mita 4,222. Hifadhi ya upande wa Kenya iliundwa mwaka 1968, na ile ya Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika kila upande msafiri hujiandikisha langoni, hulipa ada, na huenda na kiongozi. Hakuna askari, hata awe na nyota ngapi begani, aliyeruhusiwa kujiingilia kwa kuwa anavaa sare.

MACHI HUKO NA MACHI HUKU

Miezi iliyo bora kwa Masaba ni ile ya kiangazi, Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti ambapo mvua hupungua kidogo. Lakini likizo haipangwi na mawingu. Wengi hupata nafasi mwezi Machi, wakati masika ndiyo yanabisha hodi.

Katika nchi za kaskazini mwezi huo ndio mwanzo wa majira ya kuchipua. Theluji ya milimani huko huganda usiku ikawa ngumu kama saruji, na jua la mchana huilainisha hata ikaporomoka bondeni kwa kishindo na kuwafukia watu. Kwa hiyo wapandaji wao wenye busara huamka usiku, hupanda alfajiri theluji ikiwa bado ngumu, na huwa wamekwisha teremka kabla jua halijawa kali.

Masaba nao, kwa sababu nyingine, hudai desturi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa masika asubuhi aghalabu huwa nyeupe. Jua hupasha joto nchi tambarare ya Tororo, Busia na Mbale, mvuke hupanda mteremko, na kufikia adhuhuri mawingu yamekwisha jaa. Alasiri hunyesha, mara kwa radi na mawe. Basi anayeondoka Mude saa kumi na moja alfajiri hukaa kileleni katika jua. Anayeondoka saa tatu hukaa kileleni katika wingu. Umbali ni ule ule, na mlima ni ule ule. Kinachotofautiana ni saa tu.

MFANO WA SAJINI NA SHEMEJI YAKE

Msomaji achukue mfano huu. Sajini mmoja wa polisi akaaye Tororo anapanda Masaba pamoja na shemeji yake, mfanyabiashara wa Busia upande wa Kenya. Sajini amezoea doria za usiku. Shemeji ni hodari wa maneno, lakini koti lake ni la kuvaa harusini na suruali yake ni ya jinzi, nguo inyonyayo maji kama sifongo na kukataa kukauka.

Siku ya kilele wanachelewa kuondoka, kwa kuwa shemeji hakulala vizuri na anataka chai kwanza, kisha chai ya pili. Saa sita wingu linawafunika. Mvua nyembamba inaanza, upepo unavuma. Shemeji anatetemeka, halafu anaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Sajini anamwambia afunge vifungo vya koti. Vidole vinakataa.

"Tumebakiza saa moja tu, shemeji," anasema mfanyabiashara, na ulimi wake ni mzito kama wa mtu aliyetoka kwenye malwa. "Nitawaambia nini watu wa Busia?"

"Saa moja ya kwenda," anajibu sajini. "Ya kurudi je? Dada yangu alinikabidhi mume, hakunikabidhi habari za kilele. Tunageuka."

"Wewe ni afande huko kituoni. Hapa si kituoni."

"Ndiyo, shemeji. Hapa mwenye amri ni baridi, na imekwisha toa amri."

Wanageuka. Kiongozi wa njia anawasaidia, nguo zilizolowa zinabadilishwa nyuma ya mwamba, na jioni wanakuwa pangoni mbele ya moto, shemeji akinywa uji wa sukari kwa mikono miwili. Kilele hawakukiona. Lakini jumapili ile ile watoto wa Busia walimwona baba yao.

Katika mfano huo dalili zote za hatari zimo, na yafaa kila nyumba izijue kwa moyo. Joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mwili umeanza kushindwa. Dalili ya kwanza ni kutetemeka kusikozuilika. Kisha vidole hukosa ustadi, miguu hujikwaa, maneno huburuzika, na mtu huwa mkaidi au mzembe wa kuamua. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui kuwa ni mgonjwa. Ni mwenziwe wa kumtazama. Na mtetemeko ukikoma ilhali mtu hajapata joto, hiyo si nafuu. Ni hatari kubwa kuliko ile ya kwanza.

Huduma yake ya kwanza yahitaji haraka na akili. Mgonjwa aondolewe penye upepo na mvua. Nguo zilizolowa zivuliwe, avikwe kavu, na kichwa kifunikwe. Atandikiwe kitu chini, kwa kuwa ardhi huiba joto. Mwenye mwili mkavu na joto aingie naye katika blanketi moja, na hapo hakuna aibu wala utani. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa iwekwe kwapani. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu. Wala asipewe pombe. Waragi humpa mtu joto la uongo: huileta damu kwenye ngozi, ngozi ikahisi moto, na joto la ndani likapotea hewani.

Yako pia maumivu ya urefu, ambayo huweza kumpata yeyote apitaye mita 2,500, kijana na mzee, mwanariadha na karani. Kichwa huuma, chakula hakipiti, usingizi hukimbia. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zimwishe. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku, akiwa na kiongozi.

RADI NA UDONGO

Wenyeji wa Tororo hawahitaji kufundishwa kwamba radi ipo. Katika miaka kumi, kuanzia 1967 hadi 1976, mji huo ulihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyoujulisha Tororo duniani kote. Lakini aliye nyumbani ana paa. Aliye juu ya ukingo wa Masaba ndiye aliye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Kanuni ni rahisi. Umeme ukimulika, mtu ahesabu sekunde hadi asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kiasi cha kilomita moja. Ikiwa hajafika 30, yuko katika hatari na aanze kuteremka kutoka ukingoni. Asisimame chini ya mti ulio peke yake, asishike ngazi ya chuma, asijibanze kwenye mdomo wa pango. Kundi litawanyike, ili mmoja akipigwa wengine wabaki wa kumsaidia. Asiyeweza kuondoka achuchumae, miguu pamoja.

Hatari ya pili iko chini, wanakokaa watu. Udongo wa miteremko ya Masaba una rutuba nyingi, nao hunywa maji mengi. Jioni ya tarehe 1 Machi 1910 haikumbukwi na yeyote, lakini ile ya tarehe 1 Machi 2010 haitasahauliwa Bududa. Baada ya mvua ya muda mrefu, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, ukakifukia pamoja na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga na mvua hiyo. Mamia ya watu walipotea. Mitambo haikuweza kufika kwa ubaya wa njia, na wanajeshi pamoja na wanakijiji walichimba kwa majembe, sepetu na mikono mitupu. Oktoba 2018 maafa kama hayo yalirudi katika wilaya hiyo hiyo. Wako wasomaji wa ukurasa huu ambao walikuwa na sepetu mkononi siku hizo, nao hawahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo msafiri wa Machi huuliza kwanza habari za mvua za wiki iliyopita. Kama imenyesha siku kadhaa mfululizo, ahirisha. Kama ufa mpya umeonekana mlimani, au mto umegeuka tope ghafla, au umekauka ghafla hali mvua inanyesha, ondoka bondeni, uwaarifu wenyeji na wakuu wa mahali. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maporomoko ni maji yaliyobadili tabia.

KAZI YA NYUMBANI

Imesemwa mwanzoni kwamba mapambano huamuliwa nyumbani. Huko ndiko kwenye sanduku la nguo, jiko, na mtu atakayebaki akingoja.

Kuhusu nguo, mama wa nyumba akague mfuko wa msafiri kama vile afisa akaguavyo paredi. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwani pamba ikilowa haikauki. Sufu ni bora, kwa kuwa hutunza joto hata ikiwa na unyevu, na sweta za sufu zilizokwisha valiwa hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba ya Busia. Juu yake liwepo koti la mvua lisilopitisha maji, na kofia ya kufunika masikio. Soksi ziwe jozi nne. Jozi moja, pamoja na shati, suruali na sweta vya kulalia, vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, na visiguswe mpaka jioni kambini. Nguo hizo kavu ndizo uhai wake. Mwenye kuzivaa mchana kwa kuona baridi kidogo hana cha kuvaa usiku baridi ikiwa nyingi. Mabuti yawe yamekwisha zoea mguu. Mabuti mapya ni malengelenge, na malengelenge ni mtu wa kubebwa.

Kuhusu chakula, mwili wenye baridi ni jiko lililo tayari kuzimika, nalo huhitaji kuni mara kwa mara. Karanga za kukaanga, simsim iliyochanganywa na asali, sukari guru, chapati zilizopikwa kwa mafuta ya kutosha, ndizi mbivu na unga wa uji vyote hupatikana Tororo, tena bila gharama kubwa. Vigawanywe katika vifurushi vidogo, kila kimoja cha saa mbili, ili msafiri ale akitembea bila kungoja njaa. Maji anywe hata kama hana kiu, kwa maana baridi huificha kiu. Kiberiti kifungwe mahali pawili tofauti, na tochi iwe na betri za akiba.

Kisha iko karatasi. Kabla ya kuondoka, baba au kijana aandike majina ya walio katika kundi, njia watakayopita, kambi watakazolala, siku ya kurudi, na saa ambayo wakiwa hawajarudi habari ipelekwe kwenye ofisi ya hifadhi. Karatasi hiyo ibaki kwa mkewe au mzazi wake. Si ishara ya woga. Hakuna doria itokayo kituoni bila kuandikwa kitabuni, na asiyeona haya kuiandikia serikali habari za mwendo wake asione haya kumwandikia mama wa watoto wake.

Katika karatasi hiyo hiyo iandikwe saa ya kugeuka. Kwa anayeondoka Mude alfajiri, saa tano asubuhi yafaa. Ikifika saa tano kundi hugeuka, hata kilele kikiwa mbele ya pua. Saa hiyo ipangwe nyumbani, mezani, akili ikiwa na joto, kwa sababu akili iliyopoa haipangi vizuri. Na mdogo kuliko wote katika kundi apewe haki ya kusema, "Tugeuke," pasipo kuulizwa cheo chake. Kambini ngazi za vyeo zina maana yake. Mlimani aliye dhaifu ndiye aamuaye mwendo.

SHULE ILIYO MLANGONI

Asiye na siku nne, au asiyejua kama miguu yake itamtii, anayo shule karibu. Jiwe la Tororo, ambalo ni mabaki ya volkeno ya kale, hufika mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na kulipanda kwa ngazi na vijia vyake hakuzidi mwendo wa saa moja. Familia yaweza kulipanda jumamosi asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hapo mabuti mapya hulainishwa, koti la mvua hujaribiwa, na watoto hufundishwa kugeuka wanapoona wingu jeusi, hata wakiwa wamebakiza hatua ishirini. Mtoto aliyezoea kugeuka kwenye Jiwe la Tororo hatakuwa mkaidi juu ya Wagagai.

Wahenga walisema, kawia ufike. Masaba haujahama tangu moto wake ulipozimika, na hautahama likizo ijayo. Mpandaji aliyegeuka mwezi Machi huweza kurudi Januari jua likiwa kavu, akaliona lile shimo kubwa, na Kenya na Uganda zimelala chini yake pasipo mstari kati yao. Aliyekataa kugeuka huenda akarudishwa na wenzake juu ya machela, naye hatakuwa na habari ya kusimulia.

Mama atazame basi saa ya ukutani siku ya nne. Maji ya kuoga yawekwe jikoni, na ile karatasi ikae juu ya meza. Hodi ikisikika mlangoni kabla ya saa iliyoandikwa, safari imefaulu, ama kilele kilifikiwa ama hakikufikiwa.